Charles Bell, tabibu aliyezichambua neva za uso

MTU aamkapo asubuhi na kukuta upande mmoja wa uso umelegea, jicho halifumbiki na mdomo umekwenda upande, jamaa zake hudhani kwamba amepatwa na kiharusi. Daktari akishampima, huenda akagundua kuwa ni neva moja tu ya uso iliyoathirika. Maradhi hayo yangali yanaitwa kwa jina la Charles Bell.

Bell alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka wa 1774. Babake, kasisi, alifariki yeye angali mdogo. Mamake alimfunza kuchora, naye nduguye mkubwa, John, akamfunza kupasua maiti. Hata hivyo, uhasama wa madaktari wa mji huo uliwafungia ndugu hao milango ya hospitali kuu, na mnamo 1804 Charles akahamia London. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu cha kuwaonyesha wachoraji ni misuli ipi ya uso inayocheka, inayolia na inayokasirika.

Wakati huo, mgonjwa mwenye maumivu makali ya uso aliweza kukatwa neva ili apate nafuu. Balaa ni kwamba wapasuaji wengine walikata neva isiyohusika: uso ulipooza, maumivu yakabaki palepale. Mnamo 1821 Bell aliwasilisha kwa Royal Society ya London utafiti alioufanyia wanyama, akieleza kuwa neva inayojitokeza karibu na sikio huusogeza uso, ilhali neva ya tano ndiyo inayohisi.

Hakupatia yote. Herbert Mayo, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimsahihisha kuhusu kazi za neva ya tano. Aidha, Bell hakupenda kuwapasua wanyama wakiwa hai. Mfaransa François Magendie hakujali, na mnamo 1822 akathibitisha wazi jinsi neva za uti wa mgongo zinavyogawana kazi ya kuhisi na ya kusogeza. Bell alidai kwamba alimtangulia, hata akachapisha upya maandishi yake ya awali yakiwa yamebadilishwa maneno. Hilo halikumfaa mtu wa hadhi yake.

Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1831, akarejea Edinburgh mnamo 1836 kuwa profesa wa upasuaji. Aliaga dunia Aprili 1842 huko Hallow, karibu na Worcester, akiwa safarini kwenda London.