Thomas Midgley na Mwavuli wa Ozoni

Safari hii nawaletea maisha ya mtu ambaye kazi yake imepita juu ya utosi wa kila mmoja wetu. Thomas Midgley alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Pennsylvania, mwaka 1889. Alisomea uhandisi Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akaingia kwenye utafiti wa kampuni ya General Motors.

Friji za zamani zile zilikuwa za hatari. Zilitumia gesi kama amonia, na gesi ikivuja usiku watu huweza kufa usingizini. Basi mwaka 1928 Midgley akapewa kazi ya kutafuta gesi isiyoua wala kushika moto. Yeye na wenzake wakaipata upesi mno, ikaitwa Freon. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia, akaivuta kifuani akaipuliza kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika, yeye mzima! Hata mimi ningempigia makofi.

Sasa sikilizeni. Kwa kuwa gesi hiyo haiungani na kitu, haikuisha huku chini. Ilipanda polepole, miaka na miaka, hadi kilomita 15 hivi na zaidi, iliko ozoni. Huko jua huivunja, ikatoka klorini, na chembe moja ya klorini huharibu maelfu ya molekuli za ozoni. Na ozoni ndiyo inayotukinga na miale ya urujuanimno, iletayo saratani ya ngozi na mtoto wa jicho. Fikirieni wavuvi wetu wa Matondoni, wanaoshinda juani kutwa.

Midgley hakuyajua hayo. Mwaka 1940 polio ilimlemaza, akajibunia kamba na kapi za kumwinua kitandani, vitu ambavyo fundi yeyote wa majahazi hapa kwetu angevitambua. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, kamba zizo hizo zimemnyonga.

Hatari ya gesi yake ilielezwa na Molina na Rowland mwaka 1974. Wako wanaomwita mwovu. Kwa Freon mimi simlaumu. Namlaumu kwa risasi aliyoitia kwenye petroli mwaka 1921: ilimdhuru yeye mwenyewe, na bado akaitetea. Kenya iliiacha petroli hiyo mwaka 2006 tu, jamani!

Tundu la ozoni juu ya Antaktika lilitangazwa mwaka 1985, na mwaka 1987 mataifa yakatia sahihi Mkataba wa Montreal wa kuzipiga marufuku gesi hizo. Ofisi yake iko papa hapa Kenya, Gigiri, Nairobi. Wataalamu wanakisia tundu hilo litaziba karibu mwaka 2066.