Nikolai Vavilov: Mtaalamu wa Mimea Aliyekusanya Mbegu Kupambana na Njaa

Nikolai Vavilov, mmoja wa wataalamu mashuhuri wa mimea wa karne ya 20, alizaliwa Moscow, Urusi, tarehe 25 Novemba, 1887. Alikulia katika nchi iliyokumbwa na njaa mara kwa mara, akaamua kusomea kilimo.

Mwaka 1913 alikwenda Uingereza kujifunza elimu ya urithi wa viumbe chini ya William Bateson. Miaka mitatu baadaye alianza safari za kutafuta mimea katika Uajemi na milima ya Pamir. Alifika pia Afghanistan, China, Japani na nchi kadhaa za Amerika. Nchini Ethiopia, mwaka 1927, alikusanya aina nyingi za ngano na shayiri, na alipokewa na Ras Tafari, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Haile Selassie.

Vavilov aliamini kuwa mbegu zilizotunzwa na wakulima kwa vizazi vingi zina uwezo wa kustahimili ukame na magonjwa, na kwamba zikipotea hazirudi. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 alieleza maeneo ya asili ya mazao ya chakula duniani. Kufikia mwaka 1940, taasisi aliyoiongoza mjini Leningrad ilikuwa na sampuli takriban 250,000.

Hata hivyo, Trofim Lysenko, aliyeungwa mkono na Stalin, alipinga elimu ya urithi na kuahidi mavuno makubwa kwa muda mfupi. Vavilov hakukubali kuikana sayansi. Alikamatwa Agosti 1940 na mwaka uliofuata akahukumiwa kifo, adhabu iliyobadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Alifariki dunia gerezani Saratov tarehe 26 Januari, 1943, akiwa amedhoofishwa na njaa.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu Septemba 1941. Watumishi wa taasisi yake waliendelea kulinda mbegu, na baadhi yao, akiwemo mtunzaji wa mpunga, walikufa kwa njaa bila kuzila.

Mwaka 1955 hukumu dhidi ya Vavilov ilifutwa. Taasisi hiyo, iliyopo katika mji unaoitwa sasa St Petersburg, ina jina lake, na hazina ya mbegu aliyoianzisha ingali inatunzwa kwa ajili ya utafiti wa mazao.