GASTON PLANTÉ, BABA WA BATRI YA RISASI



Mnakumbuka ule usiku tulipokosa mwanga wa kujifunza, mtihani ukiwa karibu. Mchana tulipima ile batri mzee, tukasoma volti 12,5, tukaisifu. Usiku tukawasha taa mbili: mbele ya dakika kumi ikashuka volti 10, giza likatukamata. Kumbe aliyeizaa batri hii alikwisha kutuonyesha njia.

Gaston Planté alizaliwa Orthez, kule Ufaransa, tarehe 22 Aprili 1834. Ndugu yake Francis akawa mpiga piano mwenye sifa. Yeye akafuata fizika, akaenda Paris kumsaidia mwalimu Edmond Becquerel. Mwaka 1855 alivumbua mifupa ya ndege mkubwa sana wa zamani, na ndege yule akaitwa Gastornis kwa jina lake.

Wakati ule batri ikiisha, imeisha. Mwaka 1859 Planté alichukua bamba mbili za risasi, akazitenga zisigusane, akazikunja pamoja kama mkeka, akazitia ndani ya maji yenye asidi. Mara ya kwanza zilishika umeme kidogo tu. Hakuchoka. Alijaza, akamaliza nguvu yake, akajaza tena, mara nyingi sana, na risasi ikazidi kushika. Mwaka 1860 alionyesha Akademia ya Sayansi ya Paris batri ya vyumba 9. Mwaka 1881 Camille Faure akapaka bamba unga wa risasi, kazi ikawa ya haraka. Planté alikufa tarehe 21 Mei 1889.

Basi, juu ya nini batri inazeeka? Ikikaa bila kujazwa, chumvi nyeupe inagandamana juu ya bamba, na umeme hauwezi tena kuiondoa vizuri. Kwa hiyo tujaze kwanza, tuache ipumzike masaa kadhaa, tupime: chumba kizima kinatoa karibu volti 2,1, na asidi yake iko na uzito wa 1,27 hivi. Chumba kimoja kikiwa chini sana ya wenzake, ndicho mgonjwa. Halafu tuipe taa za kubeba, tuangalie saa. Tusikaribishe moto, na macho tuyalinde na asidi.

Volti peke yake ni sura tu. Planté aliijua batri yake kwa kuifanyisha kazi. Na sisi tufanye vile mbele ya mtihani ujao.