Jon Postel: Mlezi wa intaneti aliyeamini katika uvumilivu

BARUA pepe inayotumwa leo kutoka Dar es Salaam au Nairobi husafiri kwa kanuni ambazo msingi wake uliwekwa na mtu ambaye wengi hawajapata kulisikia jina lake. Huyo ni Jonathan Bruce Postel, Mmarekani mwenye ndevu ndefu aliyependa kuvaa makubazi.

Postel alizaliwa Agosti 6, 1943 huko Altadena, California. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwaka 1969 chuo hicho kilipokuwa kituo cha kwanza cha ARPANET, mtandao wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uliokuja kuzaa intaneti. Tangu mwaka huo hadi kufa kwake alihariri nyaraka za RFC, ambamo kanuni za mtandao huandikwa.

Mwaka 1980, katika kanuni za TCP, aliweka msimamo uliompa sifa na, baadaye, lawama. Programu inapotuma ujumbe ifuate kanuni kikamilifu. Inapopokea ujumbe wenye kasoro isiukatae, mradi maana yake inaeleweka. Msimamo huo ulikuwa na sababu. Programu za wakati ule ziliandikwa na watu walio mbalimbali, kila mmoja akizisoma kanuni kwa namna yake. Laiti kila upande ungekataa kosa dogo la mwenziwe, mawasiliano yangekatika kila siku.

Ajabu ni kwamba hatari ya ukarimu huo aliiona mapema. Novemba 1975 aliandika waraka mfupi, RFC 706, kuhusu barua taka. Alieleza kuwa kompyuta iliyounganishwa na mtandao haikuwa na njia ya kumkataa mtumaji msumbufu na kuwapokea wengine, akaona ingefaa njia hiyo iwepo. Hata hivyo, kanuni za barua pepe alizoandika Agosti 1982, yaani SMTP, hazikumtaka mtumaji athibitishe kuwa ndiye. Miongoni mwa watafiti waliojuana hilo halikuleta shida. Biashara ilipoingia mtandaoni miaka ya 1990, seva zilizopitisha barua za yeyote ziligeuzwa punda wa kubebea uchafu wa matapeli.

Wapenda ukali wana hoja nzito zaidi: kosa lisilokataliwa huzoeleka, na kila programu mpya hulazimika kulivumilia. Juni 2023, waraka wa RFC 9413, katika mfululizo ule ule aliouhariri Postel, ulieleza madhara hayo na kuonyesha faida ya kutovumilia.

Postel ndiye pia aliyesimamia ugawaji wa majina ya mtandao. Wakati wake Kenya ilipata .ke mwaka 1993 na Tanzania .tz mwaka 1995. Januari 28, 1998 aliwaomba waendeshaji wa seva kuu nane za majina wachukue taarifa kwenye kompyuta yake, badala ya ile ya kampuni yenye mkataba na serikali. Wote nane walitii kwa kumwamini tu. Ikulu ya Marekani ilikasirika, naye akarudisha mambo kama yalivyokuwa.

Septemba mwaka huo iliundwa ICANN kusimamia kazi hiyo. Postel alifariki dunia Oktoba 16, 1998, akiwa na umri wa miaka 55, kutokana na matatizo yaliyofuatia upasuaji wa moyo. Tanzia yake, iliyoandikwa na rafiki yake Vint Cerf, ilitolewa kama RFC 2468.