Minna Canth, mwenye duka la nyuzi wa Kuopio

Kila tarehe 19 Machi bendera hupandishwa nchi nzima hapa Ufini, na wengi wetu tuliokuja ukubwani hupita chini yake tukiwahi kazini bila kuuliza imepandishwa kwa ajili ya nani. Watoto wetu wanajua, maana wamefundishwa shuleni: ni siku ya Minna Canth, na ni siku ya usawa. Ndiye mwanamke wa kwanza nchini humu kutengewa siku yake mwenyewe ya bendera. Toleo letu la sikukuu ya Uhuru kwa kawaida huwaandika mashujaa wa nyumbani, lakini safari hii tumeona tumpe nafasi mama huyu wa nchi tunayoishi. Wenyeji wetu husherehekea uhuru wao tarehe 6 Desemba, sisi tarehe 9. Wao wakishamaliza kuzima mishumaa madirishani, sisi ndio tunaanza kuchambua mchele wa pilau.

Minna hakuiona siku ya uhuru wa Ufini. Nchi ilijitangaza huru mwaka 1917, na yeye alikuwa amefariki miaka 20 kabla. Hakushika cheo chochote serikalini, na mwanamke wa zamani zake asingepewa. Alikuwa mwenye duka, mjane, mama wa watoto saba, na usiku akiandika.

Alizaliwa Tampere mwaka 1844, akapewa jina la Ulrika Wilhelmina Johnson. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Finlayson, kile kilichoanzishwa na Mskochi mwaka 1820 kando ya maporomoko ya maji ya mji ule. Wale wanaoishi Tampere wanayajua majengo yake ya matofali mekundu, siku hizi yamejaa migahawa na sinema. Baba alipanda kazini hadi kuwa msimamizi, na mwaka 1853 kiwanda kikampeleka mji wa Kuopio, mashariki, kuendesha duka la nyuzi. Minna alikuwa na miaka tisa. Kwa hiyo alikulia kwenye harufu ya pamba, kwanza kiwandani, kisha dukani.

Ufini ya wakati ule ilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi tangu 1809, ikiwa na mamlaka yake ya ndani. Ila lugha ya wakubwa haikuwa Kirusi wala Kifini. Ilikuwa Kiswidi, iliyobaki kutoka enzi za utawala wa Uswidi. Mahakama ziliandika hukumu kwa Kiswidi, ofisi ziliandikiana kwa Kiswidi, na mtoto aliyetaka elimu ya juu alijifunza Kiswidi kwanza. Kifini kilikuwa lugha ya shambani, jikoni, sauna na kanisani. Mkulima angeweza kushinda au kushindwa kesi ya shamba lake, akapewa karatasi asiyoweza kuisoma. Sisi tuliosoma sekondari kwa Kiingereza na kugombezwa nyumbani kwa Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Watoto, ninyi mnaofanyia hesabu, kemia na historia kwa Kifini, msidhani lugha hiyo ilikuwa hivyo siku zote. Shule ya kwanza ya sekondari kwa Kifini ilifunguliwa mwaka 1858 tu, pale Jyväskylä, nayo ilikuwa ya wavulana. Mwaka 1863 Kaisari Aleksanda wa Pili akatoa amri kwamba katika muda wa miaka 20 Kifini kiwe na haki sawa na Kiswidi katika mambo yote yanayowahusu wasemaji wake. Mwaka huohuo, Jyväskylä hapohapo, kikafunguliwa chuo cha kwanza cha kufundisha walimu kwa Kifini, na kikapokea wanawake. Minna, msichana wa miaka 19 aliyekuwa amesomeshwa kwa Kiswidi mjini Kuopio, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia.

Hakumaliza. Mwaka 1865 aliolewa na mwalimu wake wa sayansi, Johan Ferdinand Canth, na mwanamke aliyeolewa hakuwa na nafasi tena chuoni. Na si chuo tu. Kwa sheria ya nchi, mume alikuwa mlezi wa mkewe kama baba alivyo mlezi wa mtoto. Mali ya mke, na hata ujira wa kazi ya mikono yake, vilisimamiwa na mume. Mwanamke asiye na mume alikuwa ametambuliwa mwaka 1864 kuwa mtu mzima akifika miaka 25, lakini siku ya ndoa utu uzima huo uliisha.

Miaka ya mwanzo ya ndoa yao iliangukia kwenye njaa kuu. Mwaka 1867 majira ya baridi hayakutaka kuondoka, barafu ilikaa maziwani hadi karibu katikati ya mwaka, na mavuno yakaungua kwa umande wa barafu. Watu walichanganya unga na magome ya msonobari ili mkate utoshe. Zaidi ya watu laki moja walikufa kwa njaa na kwa homa zilizofuata, katika nchi yenye watu wasiofika milioni mbili. Wafini wanaotuonea huruma tukisimulia ukame wa kwetu, babu zao wa babu walitembea barabarani wakiombaomba na watoto migongoni.

Katikati ya miaka ya 1870 mume wa Minna akawa mhariri wa gazeti la Keski-Suomi, na sehemu kubwa ya uandishi ikawa kazi ya mkewe. Aliandika juu ya elimu ya wasichana, na aliandika kwa ukali juu ya pombe kali. Makala hizo za pombe hazikuwapendeza wenye gazeti, na wawili hao wakalazimika kuondoka. Wakaendelea kwenye gazeti jingine, Päijänne. Mwaka 1878 kilitoka kitabu chake cha kwanza cha hadithi, kwa jina la bandia.

Kisha mwaka 1879 mume akafariki ghafla. Minna alikuwa na miaka 35, watoto sita, na wa saba tumboni. Akafungasha, akarudi Kuopio, akajifungua. Baada ya hapo alipatwa na huzuni nzito na hofu za akili ambazo zamani zile hazikuwa na jina wala kliniki. Tunaitaja hali hiyo kwa makusudi, kwa sababu miongoni mwetu bado husemwa kwa kunong'ona, na kina mama wengi hapa ugenini, giza la Novemba likiwa dirishani na mama mzazi yuko Morogoro au Tanga, wameipitia wakidhani ni wao peke yao.

Duka la wazazi wake lilikuwa limeyumba. Minna alilichukua, akalisimamisha. Nyuzi na vitambaa vilikuja kwa meli za mvuke wakati wa kiangazi, maziwa yakiwa wazi; wakati wa baridi mizigo ilikokotwa na farasi juu ya theluji. Reli ilikuwa bado haijafika. Ilifika Kuopio mwaka 1889. Alihudumia wateja, alipiga hesabu, aliagiza mali, na kati ya mteja na mteja aliandika. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake tunayoipenda kuliko zote, kuliko hata tamthilia zake. Watu humsifu kama mwandishi aliyekuwa na duka. Sisi tunaona duka ndilo lililomwezesha kuwa mwandishi wa aina ile. Mjane kisheria alikuwa mtu huru, anaweza kutia saini, kukopa, kumiliki. Hakuna mhariri aliyeweza kumnyima chakula, hakuna chama kilichomlipa mshahara. Alipoandika jambo lililowaudhi wakubwa, kesho yake alifungua mlango wa duka kama kawaida. Kina mama wetu wanaocheza upatu na kutunza fedha yao wenyewe wanajua uhuru wa aina hiyo una uzito gani.

Tamthilia yake ya kwanza, Murtovarkaus, ilichezwa Helsinki mwaka 1882 na ikampatia tuzo. Mwaka huohuo, kule Tampere, kiwanda alichofanyia kazi baba yake kiliwasha taa za umeme, za kwanza nchini. Ilikuwa hadithi ya kijijini, ya kufurahisha, na watu wa utaifa wa Kifini waliipokea kwa shangwe. Walikuwa wakiitafuta kazi ya namna hiyo: jukwaa la Kifini lilikuwa na miaka kumi tu, na kila tamthilia nzuri ilikuwa ushahidi kwamba lugha hii inaweza.

Walipata zaidi ya walichoomba. Januari 1885 ikaonyeshwa Työmiehen vaimo, yaani Mke wa Mfanyakazi. Johanna, msichana mchapakazi aliyejiwekea akiba, anaolewa na Risto. Kwa sheria akiba inakuwa chini ya mume, na mume anaipeleka kwenye pombe. Johanna anafuma kitambaa kwa nyuzi za mtu ili alishe mtoto; mume anakichukua kitambaa nacho, na anayeitwa mwizi ni Johanna. Mwisho wake ni kifo. Msichana wa jamii ya Waroma, aliyedanganywa na mwanamume yuleyule, ndiye anayebaki kuilaani haki ya nchi hiyo mbele ya watu. Ukumbi ulijaa mabwana na mabibi wenye heshima, na kwa mara ya kwanza walikuwa wakisikia lugha waliyoipigania ikitumika kuwashtaki wao.

Zogo lilikuwa kubwa. Magazeti yaligawanyika, watu wa kanisa wakamkemea. Lakini mwaka 1889 sheria mpya ikampa mke haki ya kusimamia ujira wake mwenyewe. Hatudai kwamba tamthilia ndiyo iliyotunga sheria. Wapo wabunge na wanachama wa vyama vya wanawake walioifanyia kazi miaka mingi. Ila baada ya Johanna, hakuna aliyeweza kusema hajui sheria ya zamani ilikuwa inafanya nini ndani ya nyumba za watu.

Kovan onnen lapset, juu ya vibarua wa reli na umaskini wao, ilichezwa mara moja tu Novemba 1888, kisha wasimamizi wa jumba la tamthilia wakaizuia. Reli ilikuwa fahari ya taifa, kila mtu akiisifia, na huyu anawaonyesha waliochimba tuta wakiwa na njaa. Rafiki zake wa zamani katika harakati za Kifini walimwona amewageuka. Yeye aliona wao ndio wamesimama njiani: wametaka Kifini kipande hadi ofisini, wakasahau wanaokisema.

Nyumba yake ya Kuopio, wanayoiita Kanttila, ilikuwa mahali pa vijana kukutana. Waandishi na wachoraji walifika, Juhani Aho mmoja wao, wakabishana hadi usiku juu ya sayansi mpya, dini na haki za wafanyakazi, huku watoto wakipita katikati na duka likiwa upande wa pili wa ukuta. Mwaka 1889 alianzisha jarida lake, Vapaita Aatteita, maana yake Mawazo Huru. Halikudumu zaidi ya mwaka mmoja na ushei. Alipigia kelele shule za wasichana zinazofika hadi mlango wa chuo kikuu, maana zilizokuwapo ziliwafundisha adabu, lugha na kushona, kisha zikaishia hapo. Shule ya kwanza ya Kifini kusomesha wavulana na wasichana darasa moja ilifunguliwa Helsinki mwaka 1886.

Tamthilia zake za mwisho zimetulia zaidi. Papin perhe ya 1891 ni ugomvi wa mchungaji na watoto wake waliokua wakiwaza tofauti naye, na tunawashauri wazazi wenzetu waitazame ikichezwa karibu, ikiwezekana wakiwa na watoto wao. Mchungaji si mtu mbaya. Ana hofu, na hofu yake tunaijua. Anna Liisa ya 1895 ni nzito, inawafaa wakubwa.

Moyo wake ulimsumbua miaka ya mwisho. Alifariki Kuopio tarehe 12 Mei 1897, akiwa na miaka 53.

Miaka tisa baadaye, 1906, wanawake wa Ufini walipata haki ya kupiga kura na kugombea ubunge kwa pamoja, wa kwanza Ulaya nzima. Katika uchaguzi wa 1907 wanawake 19 waliingia kwenye bunge la watu 200, miongoni mwao waliowahi kuwa watumishi wa ndani. Lakini ulezi wa mume juu ya mke ulibaki vitabuni hadi sheria mpya ya ndoa ilipoanza kazi mwaka 1930. Kwa zaidi ya miaka 20 mbunge mwanamke aliyeolewa aliweza kutunga sheria za taifa zima asubuhi, na jioni akarudi nyumbani kwa mlezi wake.

Sanamu zake ziko miji mitatu: Kuopio, Tampere na Jyväskylä. Wenye magari wakipanga safari ya Kuopio kiangazi kijacho, watoto wataomba kalakukko, ule mkate mweusi uliofichwa samaki ndani. Wapewe, ila kwanza wawapeleke wazazi kwenye sanamu na kuwasimulia, kwa Kiswahili.