Koch na chakula cha vijidudu

Sisi wa Mara tunaijua kuhara damu. Nani kakulia Tarime au Serengeti hajawahi kupeleka choo zahanati akaambiwa ana amiba? Mhudumu anachungulia hadubini, anaandika dawa, basi. Lakini kumwona amiba ni jambo moja, kumfuga maabara ni kazi nyingine kabisa. Kazi hiyo ya kufuga vijidudu, aliyeiwekea msingi ni Robert Koch.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1843, akawa daktari wa wilaya. Kilichomsumbua ni chakula. Vijidudu ukivikuza kwenye supu vinachanganyika, hujui kipi kimeleta ugonjwa. Akajaribu vipande vya viazi vya kuchemsha, kisha jelatini, lakini joto likipanda jelatini inayeyuka. Jibu likatoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi kwenye maabara yake, alikuwa akigandisha jeli kwa aga ya mwani, akashauri waijaribu. Mwaka 1882 Koch akatangaza kijidudu cha kifua kikuu. Aga aliitaja, mama huyo hakumtaja.

Mwaka 1883, akichunguza kipindupindu Misri, aliona amiba kwenye utumbo wa maiti za kuhara damu. Hapo ujuzi wake wa kufuga ukagota. Amiba huyu hula bakteria, kwa hiyo ukimtenga nao anakufa njaa. Mwaka 1925 ndipo Boeck na Drbohlav walipomkuza kwa yai na seramu, akiwa bado na bakteria wake. Kumkuza peke yake kulisubiri hadi 1961, kwa Louis Diamond. Koch alishafariki tangu 1910.

Kabla ya hapo alifika Ziwa Viktoria. Mwaka 1906 alipiga kambi visiwa vya Ssese, Uganda, kupambana na malale. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi, baadhi yao walipofuka moja kwa moja. Wajerumani nao waliweka kambi ya malale Shirati, jirani zetu kabisa.

Tuseme ukweli: alikuwa mwanasayansi mkubwa. Kijidudu alikitafutia chakula miaka mingi, kwa subira, akiuliza kinataka nini. Mgonjwa wa Ssese hakupewa subira hiyo, na ridhaa yake haikuwa sharti. Wenzangu wa maabara, tukimimina aga kwenye visahani, tuyakumbuke yote mawili.