Maisha ya Thomas Midgley na Makaa Yangu ya Oili Chafu

Mwaka huu nimeona niwasimulie maisha ya mtu ambaye hakuwahi kufika hapa Emali, lakini moshi wake ulifika.

Nilimjua hivi. Nilikuwa najiandaa kwa maonyesho ya sayansi. Barabara ya Mombasa haikosi malori, na palipo na malori pana gereji, na palipo na gereji pana oili chafu. Nikawaza, mbona nisiichanganye na vumbi la makaa, nifinyange makaa ya duara ya bei nafuu? Lo! Yalishika moto upesi ajabu. Nikajiona mshindi tayari. Mwalimu wetu wa kemia aliyatazama, kisha akaniuliza moshi wake utaingia katika mapafu ya nani. Nikakosa jibu. Akanituma maktabani nikasome habari za Thomas Midgley.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 18 Mei 1889 huko Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alisomea uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1911. Baadaye alifanya kazi chini ya Charles Kettering katika utafiti wa kampuni ya General Motors. Siku hizo injini za petroli zilikuwa zikigonga na kupoteza nguvu. Midgley alijaribu vitu chungu nzima, na Desemba 1921 akapata dawa, nayo ilikuwa risasi. Si risasi ya bunduki, bali yale madini mazito, yakiwa yamegeuzwa kuwa kioevu. Ukitia kidogo tu kwenye petroli, injini inatulia tuli.

Kumbe sumu ya risasi ilijulikana tangu zama za Warumi! Tena Midgley mwenyewe alikuwa amejaribu alkoholi akaona inafaa. Lakini alkoholi inaweza kutengenezwa na yeyote, kwa hiyo haikuwa na faida kubwa kwa kampuni. Risasi ikachaguliwa, ikauzwa kwa jina la Ethyl, neno lenyewe risasi likafichwa. Mwaka 1923 sumu hiyo ilimwingia Midgley mwenyewe, akaenda Florida kupumzika. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kurukwa na akili. Hata hivyo alisimama mbele ya waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kioevu hicho na kuvuta mvuke wake, eti hakina neno. Jameni!

Mwaka 1928 akapewa kazi nyingine. Friji za wakati huo zilitumia gesi zenye sumu, na zikivuja ziliua watu. Yeye na wenzake wakatengeneza gesi iliyoitwa Freon, isiyowaka wala kumdhuru anayeivuta. Hapa simlaumu sana, kwa maana alikuwa anaokoa watu, na hakuna aliyejua gesi hiyo ingepanda hadi wapi. Ni mwaka 1974 ndipo Mario Molina na Sherwood Rowland walipoeleza kwamba gesi za aina hiyo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yakatia sahihi Mkataba wa Montreal wa kuziondoa.

Midgley hakuyaona hayo. Mwaka 1940 alipatwa na polio, akalemaa. Mvumbuzi ni mvumbuzi tu, akajitengenezea kamba na kapi za kumwinua kitandani. Tarehe 2 Novemba 1944 alikutwa amekufa, amenyongwa na kamba hizo hizo. Wahenga walisema mchimba kisima hukiingia mwenyewe.

Lakini kisima cha risasi tuliingia wengi. Risasi hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Magari ya petroli yaliyopita hapa kwetu yaliimwaga hewani miaka nenda miaka rudi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006, katika kampeni iliyoongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuiacha kwenye petroli ya magari, mwaka 2021. Yaani kosa la maabara moja lilichukua karibu miaka mia kulisafisha!

Nilipofunga kitabu nilijua mimi si Midgley wa friji, ni Midgley wa petroli. Oili chafu ina chembe za metali na kemikali, nami niliujua ubaya wa moshi wake tangu siku ya kwanza, maana ulinitoa machozi. Nilinyamaza kwa sababu makaa yaliwaka vizuri.

Basi nikaanza upya kwa udongo na uji wa unga wa muhogo. Yanachelewa kushika moto, na bado yanataka dirisha wazi kama makaa mengine. Zawadi sikupata. Lakini mama anayatumia jikoni, na mdogo wangu huketi karibu naye akiota moto. Yale ya kwanza nisingethubutu kumpelekea.

Wenzangu mnaobuni vitu, msingoje kuulizwa na mwalimu. Jiulizeni mapema kitu chako kikishatumika kinakwenda wapi, na nani anaishi huko. Majuto ni mjukuu.